Maji Yenye Ilikula Sakosi ya Fidélie

Ku Kashikishi, pa ziwa Mweru, kama mama wa samaki na muchuruzi wa Congo banagombana juu ya chisense, tule tusamaki tudogo twa kukausha pa muchanga, habaendake ku polisi. Muchuruzi analalamika: "Mama, umejaza muchanga mu gunia!" Mama anarudisha: "Muchanga iko mu macho yako!" Matusi inaruka, bazazi ba batu banatajwa, mikono inaanza kupanda. Njo pale mutu moya anasema: "Muite Fidélie."

Fidélie anakuya polepole, sawa mutu mwenye hakimbizwe na kintu. Anaingiza mukono mu gunia mupaka ku kiwiko, anatosha kasamaki ka chini kabisa, kale kenye mwenye mali hakutaka kaonekane, anakavunja karibu na sikio yake. Ikilia "ta!", anasema: "Imekauka." Ikinyamaza, anasema: "Hii ni ya jana. Usifanye batu bajinga." Anapangusa mukono ku kitenge, anaenda zake. Kesi imekwisha. Hata bale bachuruzi ba Kilwa ya Congo, benye midomo ya moto, habamubishake.

Ile heshima hakuna mutu alimupa. Alizaliwa ng'ambo, kule kule Kilwa, akasoma kidogo ku masomo ya basista, Kifaransa ikamubakia mu kinywa. Akiwa binti alivuka ziwa mu bwato ya chumvi, akakuta kijana moya anaitwa Lackson anashona wavu pa muchanga ya Kashikishi, na kurudia nyumbani ikamushinda. Mutoto wabo wa kwanza ni Chileshe, njo maana batu banamuita bana Chileshe, ni kusema mama ya Chileshe. Na tangu alifika, hakuna mutu alimukamata na bongo, ao uongo. Hata bongo ndogo ya kunyamazisha mutoto, hapana. Beauty, dada ya Lackson, mulamu yake wa kutaniana, alisemaka: "Huyu mwanamuke, ukimuuliza kama kanzu yako ni mubaya, atakuambia ni mubaya. Alafu atakuonyesha na pahali ubaya inaanzia."

Basi sikieni vile ile heshima yote ilipinduka sawa bwato, juu ya sakosi moya, mufuko wa mukono.

Parokia yabo ilifanya undugu na parokia moya ya Bufransa, upande wa Bretagne, kule inchi inaishia mu bahari na batu bote ni ba kuvua samaki. Mu mwaka wa 1997 bale bandugu balialika batu babili bakuye kutembea. Wa kwanza alichaguliwa Kingsley, mukubwa wa baimbaji ba korale, mutengenezaji wa bamashini ya bwato. Sauti yake ni tamu, na ye mwenyewe njo wa kwanza kukuambia. Wa pili Fidélie, juu ya kile Kifaransa chake. Kingsley alishonesha suti ya rangi ya majani, akatembea nayo mu soko sawa eko tayari Paris. Alafu pasipoti yake haikutoka. Ndeke haingojeake suti. Fidélie alipanda peke yake, apareyi ya foto ya parokia mu sakosi, na maneno ya Kingsley mu sikio: "Mama, kila kintu unaona, piga foto. Batu ba hapa habaaminake mudomo. Banaamini macho."

Lackson, ye, aliomba kintu kimoya tu. "Ule munara wa chuma wa Paris," alisema. "Angalia namna balifunga mafundo."

Ku uwanja wa ndeke wa Paris alingojewa na mujane moya mufupi, nywele nyeupe, mikono minene sawa ya mwanaume wa makasia. Jina yake Maryvonne. Alimuangalia Fidélie bidole, ile makovu ya miba ya samaki, akauliza:

"Weye njo wa samaki?"

"Miye njo wa samaki."

"Na miye pia."

Urafiki ilianza pale, mbele hata ya kushusha mizigo.

Balianza na munara. Fidélie alisimama chini, akainua kichwa mupaka kitambaa ikaanguka. Alikuwa anafikiria ataona chuma nzito, ukuta. Kumbe ni matundu! Matundu mengi kupita chuma. "Mama Maryvonne," alisema, "hii ni wavu. Mulishona wavu ya chuma, mukaisimamisha juu ikamate upepo." Alienda kushika muguu ya munara, juu ya kazi ya Lackson. Hakuna fundo hata moya. Ni misumari minene yenye vichwa sawa vya uyoga, imepangwa muzuri, mutu haone pahali fundi alichoka. Kule juu aliangalia chini, muji yote imetandazwa nyeupe nyeupe sawa chisense pa muchanga muchana, na muto inapita katikati, na mabwato ya vioo inabeba batu benye habafanye kazi yoyote, banaangalia tu. Alipiga foto mupaka kidole ikauma.

Mu kanisa kubwa ya Notre-Dame hakupiga foto. Aliona dirisha ya duara, kubwa kupita nyumba yake, na mwangaza inashuka ndani yake, nyekundu, bluu, ikamwagika pa sakafu. Alinyoosha mikono pale. Ile mikono ya makovu ikavaa rangi. "Angalia," alimuambia Maryvonne polepole, "leo mikono yangu imevaa kitenge ya siku kuu." Batu balikuwa banapita, banamuzunguka. Aliacha mikono pale mupaka jua ikasogea.

Alafu balipanda basi kwenda Bretagne, na mu njia Maryvonne akamuonyesha Mont-Saint-Michel. Si bongo: mulima ya jiwe peke yake, nyumba zinapandana mugongo sawa batoto banataka kuchungulia dirisha, na juu kabisa kanisa, na juu ya kanisa malaika ya zahabu. Batu ba zamani balibeba yale mawe kule juu namna gani? Fidélie alishika kinywa. Lakini alishangaa na kintu kingine. Pembeni yote ni muchanga, muchanga, mupaka macho inachoka.

"Mbona mulijenga mbali na maji hivi?"

"Maji itakuya," Maryvonne alijibu.

Fidélie alifikiria ni maneno ya musimu ya mvula. 

Kwa Maryvonne hakuna munara, na bazungu ba kutembea ni kidogo. Lakini kama ungemuuliza Fidélie pahali alipenda kupita zote, ni kule. Alipelekwa kuona mawe ya Carnac, mawe mingi mingi yenye imesimama mistari mistari mu majani sawa batoto ba masomo banangoja mwalimu, na hakuna mutu anajua nani aliyapanga. Alipelekwa ku soko ya samaki, na pale karibu alie: samaki inauzwa bila matusi! Mutu anakonyeza jicho, anainua kidole, kesi imekwisha, samaki imepata mwenyewe. "Na kama balikuibia?" aliuliza. Maryvonne alisema: "Njo tunagombana ku bar." Alipelekwa ku nyumba ya kuchoma samaki na moshi, akaingiza kichwa, akavuta pua, akasema mara moya: "Kuni yenu ni bichi kidogo." Mwenye nyumba alicheka, akasema hata baba yake alisemaka vile. Na siku ya Bikira wabo, bamama bazee balitoka na kofia nyeupe za uzi, ndefu kwenda juu sawa chupa, upepo inapiga na haianguke, banabeba sanamu mupaka ku mabwato, na padri anabariki bahari. Fidélie aliimba nabo wimbo yenye hakujua maneno yake. Machozi ikatoka. Sawa na kwetu, alisema mu roho. Sawa kabisa na kwetu.

Lakini haikukuwa sawa.

Asubui ya kwanza kwa Maryvonne aliamuka, akafungua dirisha juu ya kuangalia mabwato. Busiku ya jana aliacha maji imejaa, mabwato inacheza. Sasa hakuna maji. Hakuna! Mabwato yote imelala na ubavu mu matope sawa ng'ombe zenye zimekufa, na bandeke ba bahari banatembea katikati kwa miguu. Fidélie alishuka ngazi na nguo ya kulalia.

"Mama Maryvonne! Amuka! Ziwa yenu imekufa!"

Maryvonne alikuwa anakunywa kahawa. Alicheka mupaka kahawa ikapita ku pua. Alafu akamukalisha, akamuelezea: bahari inaenda, bahari inarudia, mara mbili kila siku, ni mwezi ya juu njo inaivuta. Kwa hiyo usiache kintu chini. Unasikia? Chini kabisa, hapana. Fidélie aliitika. Muchana ye mwenyewe aliikala pa ukuta wa bandari, akaona maji inarudia, mabwato inaamuka moya moya sawa batu benye balisikia kengele.  Mambo ya namna hii, Mungu anafanyaka kila siku na hakuna mutu kule anaacha kazi yake juu ya kuangalia!

Basi masikio ilisikia. Miguu njo haikusikia.

Juu ku Mweru, desturi ni hii: ukitaka kintu chako hakiibwe, ukiache karibu kabisa na maji, pa wazi, pahali macho ya bote inaona. Mwizi anaogopaka muchanga ya wazi. Sufuria, biatu, nguo, hata mutoto mwenye kulala, binaikala pale pale maji inakomea. Maji ya Mweru ni mulinzi. Fidélie alikomaa na ile desturi, haikuwa mu kichwa yake, ilikuwa mu mifupa.

Siku mbili mbele ya kurudia, Maryvonne alimupeleka ku kisiwa kimoya kidogo chenye kakanisa ka mawe, hakuna mugeni anakajua. Njia ya kwenda pale inapita mu bahari yenyewe: ikienda, unatembea kwa miguu, ikirudia, barabara inazama. Baliomba, alafu balishuka kuokota makome, kila mutu na kareki kadogo. Makome yalikuwa mengi, mengi sana. Fidélie aliangalia pahali pa kuweka sakosi. Akaona jiwe muzuri, safi, kavu, karibu kabisa na maji. Akaiweka pale, na biatu pembeni, akaenda kuokota na roho nyeupe.

Aliinama, aliokota, aliimba. Akasikia sauti nyuma:

"Fidélie! Panda! Panda!"

Maji haikukuya na kelele. Haikukuya na wimbi. Ilipanda sawa maziwa mu sufuria, kimya, inatoka pande zote, ikamushika bifundo bya miguu. Aligeuka kutafuta jiwe. Jiwe haiko. Akataka kuruka ndani, na Maryvonne akamushika sketi kwa nyuma, akaikala chini mu maji na uzito wake wote sawa nanga.

"Sakosi! Apareyi ya parokia! Foto zote!"

"Acha iende! Hii bahari ilisha kunikulia bwana, haitanikulia na rafiki!"

Balipanda ku kakanisa, balilowa mupaka ku kifua, bakangoja pale maji ichoke. Kesho yake asubui balitafuta. Jiwe ilikuwa pale, safi, sawa sahani yenye mutu amelamba. Sakosi hapana.

Fidélie alirudia Kashikishi na biatu bya Maryvonne ku miguu. Bandugu ba Bretagne balimupatia apareyi ingine ya parokia, lakini foto zenye zilikufa hazifufuke. Mbele ya kuondoka kule alinunua makarte matatu ya picha: munara, na bandari ya Maryvonne mara mbili, moya maji imejaa, moya maji imeenda.

Pa muchanga ya kukaushia chisense, bamama bote balimuzunguka. Beauty aliikala mbele, miguu imenyooshwa. Kingsley alikuya na ile suti. Fidélie aliongea. Munara, baliamini. Dirisha ya rangi, baliamini. Soko bila matusi, balicheka, lakini baliamini. Alafu akafika ku bahari yenye inaenda na kurudia.

"Inaenda wapi?" Beauty aliuliza.

"Mbali. Unaona muchanga tu."

"Na samaki?"

"Zinaenda nayo."

"Awe, hapana, mulamu! Na inajua saa ya kurudia? Iko na saa ku mukono?"

Kicheko ilipasuka. Fidélie alitosha yale makarte mabili. "Muangalie. Ni bandari moya. Huku maji, huku hakuna."

Kingsley aliyakamata, akayageuza, akayarudisha na bidole bibili sawa samaki yenye inanuka. "Mama, hizi ni vijiji vibili."

"Kanisa ni moya! Angalia munara wa kengele!"

"Kanisa za bazungu zinafanana. Sema tu ukweli. Uliacha apareyi mu basi. Mutu anasahau, hata mi ningekusamehe. Lakini kusingizia maji! Ziwa njo mwizi sasa?"

Alafu mwanamuke moya wa nyuma akasema lile neno, polepole, lakini kila mutu alisikia: "Bongo." Na mutu mwenye hajawahi kusema bongo, siku moya akiitwa mubongo, batu banafurahi kupita vile bangefurahia mwizi wa kweli. Banaona sawa bamepata deni yabo. Ile furaha ni chafu, na Kashikishi yote ilioga ndani yake. Batoto balianza kumuimbia mu njia: "Bana Chileshe, funga mulango, ziwa inakuya kuomba chumvi!"

Bicheko, angevumilia. Kintu chenye kilimukata ni siku ya Camille. Huyu Camille alikuwa muchuruzi wa Kilwa, kinywa yake haina mulango. Aligombana na mama moya juu ya gunia, batu bakaita Fidélie, sawa siku zote. Aliingiza mukono, akatosha kasamaki, akakavunja ku sikio.

"Haikauke," alisema.

Camille alimuangalia, akaangalia batu, akafungua meno. "Mama, ile sikio yenye ilisikia bahari inatembea na miguu, njo inataka kunifundisha mi juu ya samaki?"

Hata yule mama mwenye alikuwa na haki alicheka.

Fidélie aliweka bipande bya kasamaki pa gunia. Akapangusa mukono. Tangu ile siku, kama kuko kesi, batu banapigana tu, ao banaita Kingsley, na Kingsley anasikilizaka samaki na kichwa kando sawa anasikiliza mashini, hajue kintu. Na Fidélie anapita na beseni yake, habamuite.

Busiku moya, mu nyumba, alimuuliza Lackson, baba ya Chileshe: "Bashi Chileshe, weye unaniamini?"

Lackson aliacha wavu yenye alikuwa anashona. "Niko najua hausemake bongo," alijibu. "Na niko najua ziwa haitembeake. Yote mbili niko nayo mu roho, na haipatane."

Ile jibu ilimuuma. Lakini hakukasirika, juu ilikuwa ya kweli.

Mu musimu ya baridi ya 1999, mbiu ikapita: bandugu ba Bretagne banakuya, na Maryvonne eko ndani. Kingsley akachangamuka. Alisema mu korale, mbele ya bote, atamusimamisha yule muzee nyuma ya misa, amuulize mu kipaza sauti: bahari yenu inatembea, ndiyo ao hapana?

Fidélie alimufuata inje. Macho yake ilikuwa nyekundu na hasira.

"Usimuulize."

"Aa! Unaogopa!"

"Kingsley, sikia. Ukimuuliza, atasema ndiyo. Alafu weye utasema: rafiki yake, alifundishwa. Batu batacheka tena, na safari hii batamucheka mugeni wangu. Unicheke mi. Ye, hapana. Ukimucheka ye, nitakupiga na beseni mbele ya padri."

Kingsley alifikiria ile beseni. Akaacha.

Maryvonne alifika na vumbi ku nyusi. Alimukumbatia Fidélie mupaka bamama balicheka. Na Fidélie hakumuambia kintu. Hakumuambia anaitwa mubongo, hakumuambia makarte, hakuna. Haya njo ilimufunga, na kiburi pia. Kama ukweli iko na miguu, itembee yenyewe.

Mangaribi alimushusha ku ziwa, juu ya kumuonyesha. Jua ilikuwa inainama upande wa Congo, na ng'ambo haionekane, maji tu na mbingu. Pa muchanga kila kintu kilikuwa pahali pake: mabeseni ya samaki maji inayalamba, nguo, biatu, sufuria, mutoto moya wa Beauty amelala pa kitenge, miguu yake karibu iguse povu. Kingsley ye mwenyewe alitandaza hema ya turubai pale pale karibu na maji, mashini ya bwato imefunguliwa, misumari na springi imepangwa sawa dawa. Camille alikuwa juu kidogo, anafunga magunia.

"Ni muzuri," Maryvonne alisema. "Ni kubwa! Ni muzuri sana."

Alafu upepo ikageuka, sawa inageukaka ile saa. Wimbi moya ikapanda kidogo kupita zingine, ikalowanisha hema ya Kingsley. Ya pili ikafuata.

 Maryvonne aliangalia maji. Aliangalia mutoto. Aliangalia mabeseni. Alijua ni ziwa, balimuambia, kichwa yake ilijua. Lakini miguu ilizaliwa ku bahari.

"Inapanda!" alipiga kelele. "Inapanda! Toeni bintu!"

Na akakimbia. Mayo we, yule muzee alikimbia! Alimunyakua mutoto wa Beauty na kitenge yake yote, akapanda naye mupaka ku majani, akamulaza, akarudia. Akakamata beseni mbili, moya kila mukono, samaki inaruka. Akarudia. Akatupa biatu bya batu juu, kimoya kimoya, sawa eko anapanda mahindi. Beauty alisimama, kinywa wazi, hajue alie ao acheke. Alafu Maryvonne akafika ku hema ya Kingsley, akaikamata pembe, akavuta.

"Mama, awe! Awe! Springi yangu! Mama, leka!"

Hakusikia Kibemba, hakusikia Kiswahili. Alivuta na ile mikono ya makasia, Kingsley anaburuzwa nyuma ameshika pembe ingine, mashini inapinduka, misumari inanyesha mu muchanga.

Beauty alimugeukia Fidélie. "Mulamu, anasema nini? Anasema nini huyu?"

"Anasema maji inapanda."

"Nani alimuambia?"

 Fidélie alikunja mikono pa kifua, akaacha Beauty ajijibu mwenyewe. Na Beauty akaangalia yule muzee mwenye jasho, mwenye hakuna mutu alimuuliza swali, mwenye eko anaokoa sufuria za batu benye hajue majina yabo. Mutu hakimbiake hivi juu ya bongo. Bongo inakimbizaka mudomo, haikimbize miguu.

Kicheko yenye ilikuwa imeanza kule nyuma ikafa. Lackson, mwenye alikuwa mu bwato yake na wavu pa magoti, alisimama.

Maryvonne aliishiwa pumzi. Akageuka kuangalia kama kuko kintu kimebakia. Maji ilikuwa pale pale. Inapiga kidogo, inarudi, inapiga. Alama ya povu haikusogea. Aliangalia muda murefu, alafu akaweka mukono pa kinywa.

"Fidélie... haikuyake?"

"Haikuyake, mama. Yetu inalalaka pa kitanda yake."

Maryvonne aliikala chini pa muchanga, akacheka mupaka machozi, anapiga magoti na makofi. Na Fidélie akaikala pembeni yake, akacheka pia, ile kicheko yenye ilikuwa imefungwa tangu siku ya makarte. Bamama habakucheka. Balikuwa banaangaliana. Moya akasema, polepole, "Kumbe ni kweli inaenda." Mwengine akaongeza: "Na inarudia mbio. Hamukuona vile alibeba mutoto?"

Lackson alishuka mu bwato, akakuya kusimama nyuma ya bibi yake. "Sasa imepatana," alisema. Njo ile tu.

Beauty alimuokota mutoto wake ku majani, akamutia mugongoni, akachuchumaa mbele ya Fidélie. Alitaka kuomba musamaha, lakini akauliza mambo mengine: "Mulamu... ikirudia, yale mabwato yenye ililala, inaamuka namna gani?"

"Moya moya," Fidélie alisema. "Ya pembeni njo ya kwanza."

Kingsley alikuwa amepiga magoti, suruali imelowa, eko anachimba muchanga na bidole, anatafuta springi yake mbio mbio, anaangalia maji na jicho moya sawa mutu mwenye ameanza kuiogopa. Na kule juu, ku magunia, kelele ilikuwa imepanda. Mama moya anatukana, Camille anatukana. Alafu kimya. Alafu sauti ya Camille, yenye ilikuwa ndogo kidogo kupita siku zote:

"Bana Chileshe! Tafazali, kuya utie mukono!"

Fidélie hakukimbia. Alipangusa muchanga ku kitenge, akamusimamisha Maryvonne, akapita pembeni ya Kingsley.

"Tafuta polepole, ba Kingsley," alimuambia. "Hapa maji haibebake kintu."

Akapanda ku magunia.